Jinsi ya Kuupima Utafiti wa Dawa za Ini Kabla ya Kutia Saini

Mgonjwa wa homa ya ini aina ya B anayehudhuria kliniki mjini Mombasa, iwe ni hospitali ya umma ya Makadara au ya binafsi, anaweza siku moja kuulizwa kama angependa kushiriki utafiti wa dawa mpya. Mwongozo huu ni wake, pamoja na jamaa atakayeketi naye kuisoma fomu ya ridhaa.

Kwanza, fahamu watafiti wanatafuta nini. Tenofovir, ambayo ndiyo dawa ya kawaida leo, hukizuia kirusi kisizaliane, lakini ni nadra kukimaliza mwilini, na ndiyo sababu wengi huimeza miaka nenda miaka rudi. Tafiti nyingi za sasa zinataka kuona alama ya kirusi iitwayo HBsAg ikipotea kabisa katika damu, na isirudi hata baada ya matibabu kwisha. Katika utafiti wa B-Clear uliochapishwa mwaka 2022, ambao ulihusisha watu 457, waliochomwa dawa iitwayo bepirovirsen, miligramu 300, chini ya ngozi kila wiki kwa wiki 24 walifikia lengo kwa kiwango cha takriban asilimia 9 hadi 10. Hesabu hiyo isomwe pande zote mbili: inatia moyo kwa ugonjwa ambao vidonge peke yake huuponya kwa nadra mno, ilhali tisa katika kila kumi hawakufikia lengo. Walioanza wakiwa na HBsAg ya kiwango cha chini ndio waliofaidika zaidi, kwa hiyo ni haki yako kuuliza kiwango chako ni kipi kabla ya kujipa matumaini. Uliza pia iwapo dawa inayojaribiwa imewahi kupimwa kwa watu wenye kirusi cha homa ya ini B cha kundi la kinasaba A (si ugonjwa wa homa ya ini A), kundi ambalo ndilo lililoenea zaidi nchini Kenya.

Kuhusu awamu za utafiti, inatosha kujua kwamba ya kwanza hupima usalama, ya pili hutafuta dozi, na ya tatu hulinganisha dawa mpya na matibabu yaliyopo au na dawa bandia, yaani inayofanana na dawa lakini haina kiambato cha tiba.

Makundi hupangwa kwa kura, na mara nyingi hata daktari anayekuhudumia hajui umeangukia lipi. Hapo pana swali ambalo halipaswi kusahaulika: nikiangukia dawa bandia, je, tenofovir yangu itaendelea? Kuiacha ghafla kunaweza kukifanya kirusi kiamke kwa nguvu na kuliumiza ini, na kuna waliofariki kwa hali hiyo. Kama utafiti wenyewe unahitaji dawa isimamishwe, fomu ieleze damu itapimwa kila baada ya muda gani na ni dalili ipi itakayofanya urudishiwe vidonge mara moja.

Baada ya hapo, thibitisha uhalali. Majaribio ya dawa nchini yanahitaji idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu, kibali cha NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu), na ukubali wa kamati ya maadili ambayo simu yake huandikwa kwenye fomu. Ipige. Anayekudai ada ya kujiunga hafai kuaminiwa. Kwa kawaida ni watafiti wanaomrudishia mshiriki nauli yake, hata ya matatu ya kutoka Likoni.

Fomu yenyewe isome kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Utakuta, kwa mfano, kwamba kila ziara watatoa mililita 20 za damu, yaani vijiko vinne vya chai, jambo lisilo la kutisha. Lakini mistari michache chini yake huenda ikasema kwamba sampuli zitahifadhiwa kwa miaka au kupelekwa ng'ambo, na hapo una hiari ya kukataa kipengele hicho pale fomu inapokitenga. Tafuta pia sehemu inayohusu mwisho wa utafiti. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa kitabibu uliorekebishwa mwaka 2024, linataka mpango wa kuwapatia washiriki dawa iliyowafaa uandaliwe kabla ya utafiti kuanza na uelezwe katika ridhaa. Kwa maoni yangu, ukurasa usiotaja jambo hilo ni sababu tosha ya kuahirisha saini.

Wakikuuliza unatumia nini, usifiche muguka, miraa wala dawa za mitishamba, kwa kuwa baadhi huweza kupandisha vimeng'enya vya ini, vinavyopimwa kwenye damu kuonyesha kama ini limeumia, na watafiti wakadhani ni madhara ya dawa inayojaribiwa. Kama unafunga Ramadhani, ziara na saa za vidonge zipangwe mapema.

Ukishajiunga una haki ya kutoka wakati wowote bila kupoteza huduma yako ya kawaida. Waarifu kwanza, upimwe damu ya mwisho, na usiondoke bila barua ya kumpelekea daktari wako wa kliniki, inayoonyesha dawa ulizopewa na tarehe zake.