WhatsApp ya kompyuta imegoma kuleta meseji? Fuata hivi kabla hujafuta kitu

Habari zenu wakubwa. Somo hili naliandika sababu wiki hii pekee nimepigiwa simu mara tatu kwa shida ile ile, simu inapokea meseji vizuri lakini kwenye brauza ya kompyuta kunazunguka tu kaduara, au inafunguka alafu meseji za leo hazipo. Mi napiga printi hapa Nasser Road, Kampala, wateja kazi zao zote wanatuma WhatsApp, ikigoma siku hiyo nakaa tu.

Kwanza USIFUTE WHATSAPP KWENYE SIMU. Mwaka juzi mteja alikuwa amesimama mbele yangu anangoja programu ya mazishi, kurasa nne, mazishi yenyewe saa nane Masaka, mi kwa haraka nikaitoa nikaiweka upya na bekapu nilikuwa sijawahi kuweka hata siku moja. Faili za wateja zote zikaenda, na ile ya mazishi ikabidi wapigie mtu nyumbani aitume tena. Na kompyuta ikaendelea kugoma! Kumbe shida ilikuwa saa tu.

Basi hatua ya kwanza ni hiyo hiyo, angalia saa na tarehe pale chini kona ya kompyuta. Hizi deskitopu zetu za zamani zina kabetri kadogo ka duara ndani, kameandikwa CR2032, kakifa umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka. Yangu ilikuwa inasoma 2009. Brauza ikiona tarehe ya uongo inakataa cheti cha usalama cha tovuti, ndo maana hata ile picha ya kuskani haiji. Weka saa sawa, ukanda uwe Nairobi maana Uganda tunatumia saa hiyo moja, alafu nunua hako kabetri, bei haizidi sana rolex mbili, zile chapati za mayai.

Hatua ya pili, jua nani mgonjwa. Fungua dirisha la siri la brauza (incognito), ingia web.whatsapp.com, unganisha. Ikikubali humo basi simu yako ni nzima, shida ni takataka za brauza au ekstensheni, yaani vile viprogramu vya kuongeza kwenye brauza, hasa zile za kuzuia matangazo. Zima ekstensheni moja moja, ikishindikana bonyeza ile alama pembeni ya anwani juu, futa data za hiyo tovuti peke yake, skani upya. Usifute historia yote ya brauza kama fundi wa jirani yangu, alinipotezea paswedi zote.

Na VPN, zile programu za kupitisha intaneti kwa njia nyingine, zizimeni jamani. Tuliziweka Julai 2018 kukwepa ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku hapa Uganda, kodi ikatoka 2021 lakini Facebook nayo ikafungwa Januari mwaka huo huo, basi VPN zikabaki zinawaka tu mpaka leo. Ya bure ikiwa nzito, WhatsApp inakatika katika.

Hatua ya tatu ndo simu. Fungua WhatsApp, nenda kwa vifaa vilivyounganishwa (Linked devices), toa hiyo kompyuta, iunganishe upya, na ukishaskani USIZIME simu wala kutoka kwenye WhatsApp, iache imefunguka na data mpaka imalize kuhamisha meseji. Hapa wengi wanakosea. Simu za Tecno na Infinix zina kale kaprogramu ka kubana betri, kanaua WhatsApp ukizima tu skrini, kaambie kaiache. Na memori ikijaa kabisa pia haiendi.

Mjue pia mambo yamebadilika, zamani simu ikizimika na kompyuta inakufa. Toka 2021 walipoanza mfumo mpya kompyuta inapokea yenyewe, vifaa mpaka vinne, ila simu ikikaa siku 14 haijafunguliwa vyote vinatolewa.

Maswali mliyoniuliza

Dada wa duka la dawa, Arua: Imekubali asante, lakini meseji za zamani sizioni?
Jibu: Kompyuta inapewa sehemu tu dada yangu. Panda juu kwenye mazungumzo, ukiona maandishi ya kuomba za zamani kutoka kwa simu bonyeza, simu iwe hewani. Zisipokuja zitafute kwenye simu, hazijapotea.

Afande wa Bombo: Yangu inaandika "inasubiri ujumbe huu", toka asubuhi.
Jibu: Afande, hiyo ni mambo ya funguo za siri, kila kifaa kina zake. Fungua WhatsApp kwenye simu yako, na yule aliyetuma naye afungue ya kwake, mara nyingi inakuja. Kama ni ya haraka mwambie atume tena tu.

Mwanafunzi, Gulu: Kompyuta yetu ni Windows 7, saa iko sawa, brauza inasema ni ya zamani.
Jibu: Chrome ya Windows 7 iliishia toleo la 109, mwanzo wa 2023. Utahangaika bure, tafuteni Windows 10 kama mashine inaiweza.

Kaka wa Jinja: Nilifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya kafe nikasahau kutoka, nirudi huko?
Jibu: Usirudi, na usingoje kesho. Ile sehemu ya vifaa kwenye simu inaonyesha kila kimoja na mara ya mwisho kilipotumika, gusa, toa. Mi nilipoangalia yangu nikakuta brauza ya ofisi niliyoacha kazi zamani, na ilikuwa imetumika jana yake.