Maandishi ya Kijapani na Kichina yanatokea viboksi au takataka? Usipige Windows kwanza

Wanaoagiza magari Japani na mizigo Guangzhou wanaijua hii. Unafungua tovuti ya muuzaji uone bei, mahali pa maandishi unakuta vimraba vitupu au kitu kama æ—¥æœ¬, halafu jamaa wa pembeni anakwambia hiyo ni virusi, peleka mashine town wapige Windows upya. Achana naye. Angalia kwanza takataka yenyewe ikoje, sababu kila aina iko na dawa yake na ukitumia dawa isiyo yake unamaliza bando bure.

Tuanze na vimraba □□□ maana hivyo ndio rahisi. Hapo maandishi yenyewe ni mazima, kompyuta yako tu haina fonti ya kuyachora. Kama huamini kopi huo mstari ujitumie kwa WhatsApp, ukifungua kwa simu ukakuta 車検 au 价格 imekaa vizuri basi tovuti haina kosa. Windows 10 kwa kawaida inakuja na fonti za msingi za Kichina, Kijapani na Kikorea, kwa hiyo ukiona viboksi huko mara nyingi ni zile Windows zilizopunguzwa ili ziwe nyepesi, fundi akatupa fonti pamoja na vingine. Ingia Settings, Apps, Optional features, Add a feature, tafuta Japanese Supplemental Fonts, ya Kichina nayo iko hapo hapo. Lugha ya kompyuta usiiguse, haihusiki kabisa. Wa Ubuntu andika sudo apt install fonts-noto-cjk, hiyo ni fonti ya Noto ambayo Google na Adobe waliitoa 2014 na inabeba lugha zote tatu, ila ni makumi ya MB so subiri Wi-Fi. Ukimaliza funga brauza yote ufungue tena, kurifreshi peke yake mara nyingine haitoshi.

Sasa hizi herufi za Kizungu zenye vinukta na mikia, hapa ndo watu wanapotea. Fonti haitasaidia hata uweke mia. Ukurasa unasafiri kama namba, na brauza lazima ijue namba zimeandikwa kwa enkodingi gani, yaani namba ipi ni herufi ipi, siku hizi karibu kila mtu anatumia UTF-8 lakini tovuti za zamani za Japani bado ziko na Shift_JIS au EUC-JP, China GB2312 na GBK, Taiwan Big5, Korea EUC-KR, na nyingi hazisemi zinatumia ipi, basi brauza inakisia na ikikisia vibaya unapata takataka, kama hiyo æ—¥æœ¬ ambayo ni 日本 ya UTF-8 iliyosomwa kwa enkodingi ya Kizungu. Kwa Firefox bonyeza Alt menyu itokee, nenda View, Repair Text Encoding, mara nyingi inanyooka hapo hapo. Chrome waliiondoa hiyo menyu zamani, inabidi uweke ekstensheni, na mimi sizipendi sababu zinaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofungua, pamoja na wa benki. Weka tu Firefox ya kazi hii.

Kuna moja inadanganya sana. Unaona herufi za Kiasia kabisa, unasema aah imekubali, unaitupa kwa Google Translate inatoa upuuzi. Tazama kama 縺 na 繧 zinajirudia rudia kila mahali, hiyo ni Kijapani cha UTF-8 kilichosomwa kama Shift_JIS. Nyoosha enkodingi kwanza ndo utafsiri, Translate haiponyi takataka. Na ukikuta 锟斤拷 imejaa basi pole ssebo, hayo maandishi yaliharibikia huko huko yalikohifadhiwa, hakuna setingi ya kuyarudisha, muombe muuzaji akutumie skrinshoti.

Kama tovuti ni yako mwenyewe sevu faili kwa UTF-8 na weka <meta charset="utf-8"> juu kabisa, lazima ikae ndani ya baiti 1024 za mwanzo. Ukiona bado inaharibika kagua seva, sababu Content-Type inayotoka kwa seva, ule mstari unaotaja aina ya ukurasa na enkodingi yake, ndiyo inasikilizwa kabla ya hiyo meta. Andika pia lugha ya ukurasa, lang="ja" kwa Kijapani au lang="zh-Hans" kwa Kichina kilichorahisishwa, bila hivyo herufi kama 直 inaweza kuchorwa kwa umbo la Kichina ndani ya Kijapani, inasomeka lakini Mjapani ataona kitu hakijakaa sawa.

Karatasi ya mnada wa gari yenyewe kawaida ni picha, haya yote hayaihusu. Tumia Google Lens kwa yale yaliyochapwa. Mwandiko wa mkaguzi Lens inaukosea sana, na mikwaruzo na kutu vinaandikwa huko huko, kwa hiyo ajenti akutafsirie mstari kwa mstari kabla hujatuma hela.