Jinsi ya kupeleka bugobogobo mlimani ikajenga kingo

Kama mnakaa mlimani hapa Mwanza, iwe Igogo, Mabatini au Bugarika, mnajua vuli ikifungua kinachoshuka: udongo, mifuko, changarawe, vyote vinakimbilia mitaroni na kuishia ziwani. Mimi ni mpiga ngoma wa bugobogobo, na ushauri wangu ni wa mpiga ngoma. Acheni kutuita tumchezee mgeni rasmi anapokata utepe. Bugobogobo ni ngoma ya jembe ya Wasukuma, basi ipelekwe penye jembe: kujenga kingo za mawe za kuzuia udongo na kupanda miti.

Kwanza kalenda. Msimu wa mbina, yaani ngoma, kwetu Wasukuma ni kiangazi, mavuno yakishaingia ndani. Ndiyo maana Bulabo, tamasha letu la ngoma pale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Padre David Clement, huchezwa mwezi wa sita. Vijana wana nafasi na mlima umekauka, mtu hatelezi na jiwe begani. Sombeni mawe kuanzia Juni, kingo ziwe zimesimama kabla ya vuli, miche iingie ardhini mvua ikishakolea. Atakayewaletea miche Agosti kwa kuwa bajeti yake inakaribia kufungwa, mshukuruni, muiweke kitaluni.

Kabla ya kupiga hata pigo moja, mwoneni mwenyekiti wa mtaa, halafu nendeni kwa kina mama wanaogonga kokoto. Wengi huwaruka hawa, na kazi hufia hapo. Jiwe ndilo ugali wao. Kubalianeni wapi wataendelea kugonga na wapi pataachwa, kisha muwaombe wawaongoze, maana wao wanajua jiwe lipi ni tegemeo. Majabali yetu mengine yameshikiliwa na kijiwe kisichozidi kichwa cha mtoto. Kijiwe hicho kisiguswe, hata kama kimekaa vizuri kiasi gani kwa ukingo wenu.

Usawa pimeni kwa ule mpira wa maji ambao mafundi hupimia msingi wa nyumba. Ukingo ukipanda na kushuka, maji yatakusanyika penye bonde na kutoboa. Chimbeni mfereji mfupi wa kukalia mawe makubwa, yalazeni yakiegemea mlima, nyuma jazeni kokoto, na msitie saruji: maji yanatakiwa yapite polepole, yaache udongo. Urefu wa goti unatosha. Wakara kule Ukerewe wamelima nyuma ya kingo za mawe tangu enzi za mababu, kwenye kisiwa chao cha Ukara chenye watu wengi na ardhi kidogo, na samadi hawakuitupa.

Sasa ngoma yenyewe. Wimbo wa kulimia haufai kusombea mawe. Jembe linataka pigo zito lenye pumzi katikati, ili mikono yote ishuke pamoja. Mnyororo wa watu wanaopokezana mawe unataka pigo jepesi la kutembea, na anayeongoza akikosea kasi, jiwe linaangukia vidole vya mtu. Mwekeni ningi, yaani mwimbishaji, mahali anapoona mikono ya wote, si kivulini karibu na viti. Mpiga ngoma atazame mtu aliye dhaifu kuliko wote kwenye mstari, apige kwa kasi ya huyo. Vijana watanung'unika, lakini saa nne watakuwa bado wana nguvu.

Maneno yatungwe hapo hapo, yamtaje jirani na mlima wake. Wimbo wa kusifu mradi hauinui jiwe. Sisi tulikuwa na huu:

Jiwe la juu lina mguu — lishike!
Mvua ikija linashuka — lishike!
Shemeji wa chini, umefunga mlango? — lishike!

Utani huo unawagusa wa juu kwa sababu kila mmoja ana shemeji huko chini. Ila mtu asitajwe kwa jina kwa ubaya. Ningi hodari anachora mwenye mbuzi wa kuzurura mpaka wote wanamjua, na jina halijatoka mdomoni.

Kinachovuta watu kuliko yote ni ushindani. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wamechuana tangu karne ya 19, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ugaweni mtaa kwa barabara, upande mmoja uwe Wagika, wa pili Wagalu, kila upande na kipande chake cha mteremko. Lakini badilisheni kipimo. Umati wa siku ya kupanda usihesabiwe, hata ujae vipi. Ihesabiwe miti iliyo hai Septemba inayofuata, baada ya kiangazi kizima. Hapo ndipo utawaona watu wanapandisha ndoo za maji jioni bila kuitwa na mtu. Zawadi iwe majembe na ngozi mpya ya ngoma. Mbuzi hapana, tunapigana naye.

Kwa huyo mbuzi, zungusheni minyaa. Haipendi, na tawi likikatwa linashika lenyewe. Wakataji wajihadhari utomvu usiingie machoni. Kipande cha juu kabisa kifungeni kama ngitili, yaani eneo la malisho lisiloingizwa mifugo kwa muda, majani yarudi yenyewe. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kule Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 ulirudia desturi hiyo hiyo ya ngitili, na miti ikarudi bila kila mmoja kupandwa.

Asubuhi pasheni ngozi ya ngoma kwenye moto wa majani, maana unyevu wa ziwa huilegeza usiku. Chakula ni baada ya kazi: michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya karanga, au ugali na dagaa. Pombe ikitangulia, mstari wa kingo utaonyesha.

Na siku ya kuhesabu miti, mhesabuji atoke mtaa wa tatu, asiye na shemeji upande wowote.