Jinsi ya Kupanga na Kusanifu Banda la Kusogezwa la Bwawa la Kuogelea

Katika nyanda za juu kama Nairobi, ambako usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 12, bwawa lililo wazi hupoteza sehemu kubwa ya joto lake kwa mvuke. Banda la kusogezwa, yaani paa la vipande vinavyoteleza juu ya reli na kuingiana, huuzuia mvuke huo pamoja na majani na vumbi, na jua likiwaka hufunguliwa watu wakaogelea chini ya anga.

Wengi huanza kwa kuchagua umbo la paa. Ninashauri uanze na mahali banda litakapokaa likiwa limefunguliwa, kwa kuwa hapo ndipo michoro mingi huharibikia. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4 lenye banda la vipande vinne, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita 2.3. Likifungwa, hufunika maji na nusu ya mita ya sakafu kila mwisho. Likifunguliwa, vipande vyote huingia ndani ya kile kikubwa, nacho huhitaji mita 2.3 za sakafu tupu nje ya ukingo wa maji. Reli basi zitafika karibu mita 11. Upana nao huongezeka: ikiwa kipande kidogo kina mita 5 na kila kinachofuata kinakizidi cha ndani kwa sentimita 10 kila upande, kikubwa kitakuwa na mita 5.6. Pima uwanja wako kwa kipande hicho kikubwa.

Sakafu ndiyo inayoamua kama banda litasukumwa na mtu mmoja au litakwama. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Embakasi na Kitengela, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, mhandisi auchunguze udongo kabla ya zege kumwagwa, maana sakafu ikiinuka upande mmoja reli hupinda na magurudumu hukwama. Iache zege ikomae siku 28, hakikisha kwa pimamaji kwamba reli zimelala sawa, kisha pima umbali kati yake kila baada ya mita moja.

Kwa fremu, alumini iliyopakwa rangi ya unga (inayopulizwa ikiwa unga kisha kuokwa) inafaa. Kwa paa, polikaboneti, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Upande wa polikaboneti wenye kinga dhidi ya miale ya jua lazima utazame nje. Bati lake la mita 4 hutanuka takriban milimita 8 joto likipanda kwa nyuzi 30, hivyo liachiwe nafasi kwenye fremu. Skrubu ziwe za chuma cha pua cha gredi ya 316, aina inayostahimili chumvi, zikitenganishwa na alumini kwa plastiki. Mombasa, penye chumvi hewani, jambo hili halina mjadala, na huko ukubwa wa madirisha ya kupitisha hewa una maana zaidi kuliko kuhifadhi joto.

Upepo wa kilomita 100 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 48, na banda jepesi huweza kunyanyuliwa. Kila kipande kiwe na komeo linalokishika sakafuni, kiwe wazi au kimefungwa.

Kuhusu watoto, sitaki mzaha. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 3 Januari 2003 inalitambua banda kuwa mojawapo ya kinga nne za bwawa la nyumbani, pamoja na uzio, king'ora na kifuniko, lakini banda ambalo mlango wake haufungwi kwa ufunguo halimkingi mtoto yeyote. Weka kufuli mahali asipofikia, na kabla ya kulifunga tazama majini hadi chini.

Mwisho, acha matundu ya hewa pande zote mbili ili harufu ya klorini itoke, wala usihifadhi dawa za maji ndani ya banda, kwa sababu mvuke wake hula metali.