SOMO: Kulenga dishi la nyuzi 7 Mashariki bila kumwita fundi

Habari zenu wadau. Maelekezo mengi ya kufunga dishi yanayozunguka mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya kwa ajili ya watu wa Ulaya. Kule setilaiti zinaonekana upande wa kusini, zimejipanga kwenye upinde mpana, na kutoka moja kwenda nyingine unazungusha dishi kushoto au kulia. Huku kwetu sivyo. Setilaiti za televisheni zinakaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, na sisi tuko jirani na ikweta. Kwa hiyo mstari wao unapanda kutoka mashariki, unapita karibu na utosi, unashuka magharibi. Anayefuata maelekezo ya London akiwa Tabata atalizungusha dishi mpaka jua lizame, kumbe linatakiwa kupandishwa na kushushwa.

Nitatumia setilaiti ya nyuzi 7 Mashariki (hiyo ni longitudo inakokaa juu ya ikweta), wanakorusha Azam, kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi. StarTimes wa dishi wako nyuzi 5, DStv nyuzi 36. Hiyo ya 36 ukiwa Dar iko karibu kabisa na utosi, nyuzi 81 juu ya upeo wa macho, ndiyo maana dishi la DStv la jirani linatazama juu kuliko lako.

Vifaa: spana, pima maji, waya wa dishi aina ya RG6 usiounganishwa katikati, na mtu wa kukaa sebuleni akutajie namba. Kama una televisheni ndogo ya kupanda nayo juu, bora zaidi. Juu ya bati panda asubuhi, na nguzo ikae mbali na nyaya za umeme. Hilo halina mjadala.

Hatua ya 1: Mahali. Upande wa magharibi uwe wazi. Kwa Dar mawimbi yanashuka kwa nyuzi karibu 52, hivyo mwembe ulio mita 10 kutoka kwenye dishi haukusumbui mpaka uzidi kimo cha dishi kwa mita 12 hivi. Kumbuka tu kwamba mwembe unakua.

Hatua ya 2: Nguzo. Isimame wima kabisa. Weka pima maji pande mbili, mbele na ubavuni. Nguzo ikiinama, namba zote zilizoandikwa kwenye kishikio cha dishi zinakuwa uongo.

Hatua ya 3: Kuzungusha LNB, yaani kile kichwa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, tena na mafundi wamo. Setilaiti inatuma mawimbi ya namna mbili, ya wima na ya mlalo. "Wima" hapo ni kwa mujibu wa setilaiti yenyewe, yaani kaskazini-kusini. Ukitazama magharibi ukiwa karibu na ikweta, kaskazini iko mkono wako wa kulia, kwa hiyo wima ya setilaiti kwako imelala. LNB lazima ilale nayo. Kwa Dar ni nyuzi 77 hivi, Nairobi zinafika 87. Maelekezo ya Ulaya yanataja kuzungusha kidogo tu, na ukiyafuata utapata chaneli chache au hutapata kitu.

Jinsi ya kufanya: LNB nyingi zinahesabika ziko sifuri pale sehemu ya kuchomeka waya inapotazama chini. Simama nyuma ya dishi ukitazama linakotazama, kisha zungusha LNB kinyume cha mwendo wa saa mpaka sehemu ya waya itazame kaskazini, imeinama kidogo kuelekea chini. Kwa mtu wa Dar ni kati ya namba 3 na namba 4 kwenye saa ya ukutani. Usikaze moja kwa moja, tutairudia.

Hatua ya 4: Mwinuko. Weka kipimo cha kishikio kwenye namba ya mji wako: Dar es Salaam 52, Nairobi 55, Mwanza karibu 60. Msishangae dishi likionekana linatazama chini kuliko hapo. Haya madishi ya kawaida yanapokea mawimbi kwa ubavu, si kwa kutazamana nayo uso kwa uso, na kipimo cha kwenye kishikio kimeshalihesabu hilo. Ndiyo maana kuweka simu usoni mwa dishi ili kupima mwinamo hakusaidii.

Hatua ya 5: Kutafuta. Uelekeo kwa Dar ni magharibi kisha nyuzi 10 na nusu kuelekea kaskazini. Mwanza ni 5, Nairobi 2 tu. Ngumi yako ukinyoosha mkono ina upana wa nyuzi 10 hivi, kwa hiyo mtu wa Dar atafute magharibi halisi na aongeze ngumi moja kulia. Dira ya simu isogezwe mbali na bati na nguzo ya chuma, vinaipotosha.

Sasa fungua kwenye king'amuzi ukurasa wa kupima mawimbi, chagua masafa ya setilaiti hiyo, na tazama mstari wa ubora. Zungusha dishi polepole sana. Dishi la sentimita 90 linaona upana wa nyuzi 2 tu, ukilivuta kwa haraka unapita setilaiti kabla king'amuzi hakijaitambua. Sogeza kidogo, subiri, sogeza. Usipopata, pandisha mwinuko nyuzi moja na urudie, halafu shusha. Ukipata, tafuta kilele kwa mwinuko kwanza, halafu kwa uelekeo, mwisho zungusha LNB kidogo kidogo mpaka ubora usipande tena.

Hatua ya 6: Kukaza. Kaza nati kwa zamu, kidogo kila moja, ukitazama ubora. Kwa kuwa LNB yetu imelala, maji hupenda kufuata waya hadi ndani. Acha waya uning'inie kitanzi chini ya LNB ili maji yadondokee hapo, na ufunge kiungio kwa utepe wa mpira. Wa Zanzibar, Tanga na Mombasa pakeni grisi kwenye nati, chumvi ya bahari haina huruma.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Morogoro: Mkuu, nguvu inasoma 90 lakini ubora sifuri. LNB imekufa?

Hapana, hiyo 90 inaonyesha LNB inapata umeme na inapiga kelele zake. Hata ukiielekeza ukutani itasoma nguvu. Ubora ndio unaosema kama uko kwenye setilaiti uliyoichagua. Inawezekana umeshika ya jirani, nyuzi 5. Kwa hapo ulipo, kutoka 5 kwenda 7 uelekeo haubadiliki hata nyuzi moja, ila mwinuko unapanda 2 na kidogo. Pandisha dishi taratibu.

Mdau, Kimara: Kwa hiyo naweza kufunga LNB mbili kwenye dishi moja, Azam na StarTimes?

Kwa LNB za kawaida haiwezekani. Kwenye dishi la 90 zinatakiwa kukaribiana kama sentimita 2, na mdomo wa LNB moja una karibu 6. Tena kwetu ya pili haikai ubavuni kama kwenye picha za mtandaoni, inakaa juu ya ya kwanza. Nunua dishi la pili, usijitese.

Mdau, Mombasa: Ndugu, chaneli nusu zaingia, nusu hazipo kabisa. Nimepima waya, uko sawa.

King'amuzi kinatuma volti 13 kwa mawimbi ya wima na 18 kwa ya mlalo. Andika masafa yanayoingia na yasiyoingia. Yaliyokosekana yakiwa yote ni ya aina moja, kwanza rudia hatua ya 3. Isipobadilika, jaribu LNB nyingine kabla hujanunua king'amuzi. Na huo waya, kama una kiungo mahali, volti zinapotelea hapo hata kama kipimo kinasema uko sawa.

Mdau, Dar: Mbona mwezi Machi picha ilikatika saa tisa alasiri siku kadhaa, jua linawaka, hakuna wingu?

Jua lenyewe ndilo lililokata. Kwa Dar, karibu na tarehe 23 Machi na tarehe 20 Septemba, saa tisa hivi alasiri, jua linapita nyuma ya setilaiti na kelele zake zinazidi mawimbi kwa dakika chache. Usiguse dishi. Ila muda huo ni mzuri kwa anayetaka kufunga jipya: simama pale unapopanga kuweka nguzo, na kama kivuli cha mti au cha ghorofa ya jirani kimekufunika, hapo hapafai.