Somo: Mfuate sangara, uelewe ngazi za jiografia

Wanafunzi wengi hukariri uhusiano wa binadamu na mazingira kama mada moja, na ngazi za uchambuzi, yaani upana wa eneo unalolichambua, kama mada nyingine. Mimi huzifundisha pamoja, kwa samaki mmoja wa Ziwa Victoria.

Hatua ya 1: Anza mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Sangara si wa asili humo, alipandikizwa miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala ziwa, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zikatoweka. Sasa tazama jambo ambalo wengi hulipita: furu mdogo alianikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta mengi, kwa hiyo hukaangwa au kubanikwa kwa moshi, na moshi unataka kuni. Samaki aliyewekwa majini akaifikia miti ya nchi kavu! Usiondoke hapa haraka.

Hatua ya 2: Panda hadi ziwa zima, kilomita za mraba 68,800 hivi. Karibu nusu ni Tanzania, inayofuata ni Uganda, Kenya ina takriban asilimia 6. Samaki hajui mpaka, ndiyo maana mwaka 1994 nchi hizo ziliunda chombo cha pamoja cha uvuvi, chenye makao Jinja.

Hatua ya 3: Toka nje ya ziwa, hadi ngazi kubwa kabisa: dunia. Minofu huenda Ulaya, mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki, hubaki Mwanza. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili, maumivu yalifika mwaloni.

Hatua ya 4: Kila ngazi uliza nani anaamua na nani anaumia. Ukiishia mwaloni, utamtwika mvuvi lawama zote, na hapo utakuwa umemwonea.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Ramani ya skeli kubwa huonyesha eneo dogo. Mbona dunia unaiita ngazi kubwa?

Marahaba. Ni vitu viwili. Kwenye 1:50,000, sentimita moja ni mita 500, kijiji unakiona. Kwenye 1:1,000,000 ni kilomita 10, kijiji kinakuwa nukta. Hiyo ni skeli ya ramani. Ngazi ni upana wa eneo unalolichambua.

Mwalimu, anayezaliwa kisiwani ni lazima awe mvuvi?

Hapana. Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria, imezungukwa na maji, lakini sifa yake kubwa ni kilimo: ng'ombe hulishwa zizini, samadi hupelekwa shambani. Ziwa liliwapa nafasi ya kuvua, na wengine huvua. Samadi waliichagua wenyewe.