Sumaku ya umeme kwa msumari na jiwe la redio

Juzi mpwa wangu wa kidato cha pili alikuja kwangu hapa Ujiji na msumari aliouzungushia waya vizuri kabisa. "Mjomba, haivuti hata pini." Nikacheka, maana mimi mwenyewe nilikwama palepale zamani.

1. Vifaa. Msumari wa inchi nne, jiwe kubwa moja la redio (betri ya volti 1.5), pini za fundi cherehani, na waya mwembamba wa kopa wenye vanishi. Usinunue waya mpya. Nenda kwa fundi anayesuka mota umwombe mabaki. Mita tatu zinatosha. Waya wa kufungia umeme wa nyumba siupendi, plastiki yake nene inakula nafasi. Na umeme wa ukutani usiuguse kwa kazi hii. Unaua.

2. Zungusha mara 50, upande mmoja tu. Ukigeuza njiani, mizunguko ya kurudi inaua nguvu ya ile ya mwanzo.

3. Kwangua ncha. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima na mawe mawili mapya nikidhani dukani wameniuzia mabovu. Waya ule unang'aa kama kopa tupu, kumbe umevaa vanishi, na vanishi haipitishi umeme. Katikati tunaihitaji, la sivyo umeme utakatiza toka mzunguko hadi mzunguko bila kuzunguka msumari. (William Sturgeon wa Uingereza, aliyetengeneza sumaku kama hii miaka ya 1820, waya wake ulikuwa mtupu, kwa hiyo alipaka vanishi chuma chenyewe.) Ila nchani lazima itoke. Kwangua sentimita mbili kila ncha, pande zote, siyo upande mmoja. Wengine huchoma kwa kiberiti. Masizi yanabaki na shida iko palepale. Wembe unafanya kazi lakini ukikandamiza unachanja waya, kesho unakatika. Mimi ni mtu wa msasa laini: ukunje, pitisha waya katikati, vuta huku unazungusha, mpaka rangi ibadilike iwe ya waridi. Ukiwa na shaka, unganisha waya, jiwe na balbu ya tochi. Isipowaka, rudi msasani.

4. Bana ncha kwenye jiwe, sekunde tano tu, halafu achia. Waya unapata moto na jiwe linaisha haraka.

5. Hesabu pini. Ongeza mizunguko ifike 100, rudia. Sisi tulitoka pini 6 hadi 10. Hazikufika 12 kwa sababu waya mrefu unazuia umeme zaidi, na jiwe lilishachoka kidogo.

Ukiachia na pini moja ikabaki inaning'inia, hujakosea. Msumari huhifadhi usumaku kidogo. Ugonge sakafuni mara kadhaa, itaanguka.